Dar hadi Mwanza ni saa moja na nusu. Kwa bibi je?

UKIULIZA umbali kati ya Dar es Salaam na Mwanza, jibu litategemea umemuuliza nani. Rubani atakwambia ni kama kilomita 850. Dereva wa basi atakwambia ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtu wa reli ya kati atakwambia ni zaidi ya kilomita 1,200. Mkatisha tiketi za ndege hatakutajia kilomita kabisa. Atakwambia, "Ni saa moja na nusu tu, dada."

Wote wanne wanasema kweli. Lakini kwa sisi tulioacha wazazi upande mwingine wa nchi, tukaoa au kuolewa na kulea watoto mjini, hakuna hata mmoja wao anayejibu swali tulilonalo. Swali letu ni hili: kwa bibi ni mbali kiasi gani?

Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu watatu. Mama yangu anaishi kijijini, wilaya ya Sengerema, ng'ambo ya pili ya ghuba ya Mwanza. Ni mjane, na mwaka huu ametimiza miaka 72. Safari hiyo nimeipigia hesabu kwa kila njia, na leo naiweka hesabu yenyewe mezani. Huenda ikamsaidia mzazi mwenzangu ambaye naye ana bibi au babu wa watoto wake mahali fulani, iwe Bukoba, Songea, Kigoma au Tarime.

Saa moja na nusu inatoka wapi

Tuanze na ndege, kwa kuwa ndiyo inayotudanganya kwa utamu wa namba zake.

Ndege haifuati barabara. Inakata anga karibu mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Mwanza, ndiyo maana kilomita zinapungua kutoka elfu moja na ushee hadi 850. Ndege kubwa ya jeti, ikishafika juu na kutulia, huenda kwa mwendo wa kama kilomita 800 kwa saa. Ukigawanya, utaona safari ingepaswa kuchukua saa moja na dakika chache tu.

Dakika nyingine zinakwenda wapi? Muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa uwanja wa pili. Ndani yake kuna kutembea polepole hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda juu kabla mwendo haujakolea, kisha kupunguza mwendo na kushuka. Ukikuta safari hiyo inafanywa na ndege ya pangaboi, mwendo wake ni mdogo kuliko wa jeti na dakika zinaongezeka. Upepo nao una sauti yake: ukiisukuma ndege kwa nyuma mnawahi, ukiipiga usoni mnachelewa kidogo. Na kama ndege inapitia uwanja mwingine kushusha na kupakia watu, saa moja na nusu hiyo sahau. Kwa hiyo unapokata tiketi, swali la kwanza si bei. Uliza kwanza kama ni ya moja kwa moja.

Mpaka hapo namba ni ya kweli. Lakini ni namba ya ndege. Familia ina namba yake.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Safari ya familia huanza pale unapofunga mlango wa nyumba, na huisha pale bibi anapofungua wa kwake.

Kutoka kwetu Mbezi hadi uwanja wa ndege, asubuhi ya siku ya kazi, natenga saa moja na nusu kwa sababu ya foleni. Wasafiri wa ndani hutakiwa kufika mapema, na ukiwa na watoto, mabegi na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, saa mbili kabla si nyingi. Hapo tumeshatumia saa tatu na nusu na hatujaiacha ardhi ya Dar. Weka saa moja na nusu ya angani. Weka nusu saa ya kusubiri mizigo Mwanza. Kisha kutoka uwanjani, ambao uko upande wa Ilemela, tunakatiza jiji, tunakwenda Usagara, tunavuka maji na kufika nyumbani: saa mbili, pengine na zaidi.

Jumlisha. Ni saa saba na nusu. Hiyo ndiyo safari yetu ya "saa moja na nusu tu, dada", na hapo hakuna kilichoharibika. Mwaka mmoja ndege yetu ilisogezwa mbele kwa saa nne, tukiwa tayari tumekaa uwanjani na mtoto mdogo amemaliza uji wote wa kwenye chupa. Siku hiyo tulifika kwa bibi usiku, na kuku aliyekuwa ametayarishwa kwa chakula cha mchana tulimla saa nne za usiku.

Sasa tuangalie basi. Barabara inapita Morogoro, Dodoma, Singida, Igunga, Nzega na Shinyanga kabla ya kuingia Mwanza. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa mabasi ni kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi ni 50. Hata basi likienda 80 bila kusimama mahali popote, kilomita 1,150 ni zaidi ya saa kumi na nne. Ongeza matuta, mizani, chakula na watu kuchimba dawa, utaona kwa nini saa kumi na sita hadi kumi na nane ni jambo la kawaida. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku na mchana baada ya miaka mingi ya zuio, hivyo si lazima tena kuondoka alfajiri.

Lakini kwetu sisi wa Mbezi, basi lina faida ambayo haiandikwi kwenye tiketi. Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kipo hapa hapa. Tunatoka nyumbani kwa bajaji, dakika kumi na tano tuko kituoni. Mlango hadi mlango, kwa basi, ni kama saa ishirini.

Kwa hiyo kwa mujibu wa tangazo ndege ina kasi mara kumi na mbili kuliko basi. Kwa mujibu wa familia yangu, ina kasi mara mbili na nusu hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kulinganishwa na tofauti ya nauli, si ile ya kwenye tangazo.

Daraja lilivyomsogeza bibi

Kuna jambo moja limenifundisha zaidi kuhusu umbali kuliko ndege zote nilizopanda.

Kwa miaka yote ya utoto wangu, na hadi juzi juzi tu, kwenda Sengerema kutoka Mwanza kulimaanisha kuvuka kwa kivuko pale Kigongo kwenda Busisi. Kuvuka kwenyewe si kazi kubwa. Kazi ilikuwa kusubiri. Ungeweza kufika ukakuta kivuko ndiyo kwanza kimeng'oa, foleni ya malori imefika mbali, jua linawaka na watoto wanalia. Na usiku ukiugua, mgonjwa na maji walitazamana.

Juni 2025 lilifunguliwa daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, juu ya ghuba ile ile. Sasa gari linapita kwa dakika chache. Ndege ya Dar hadi Mwanza haikuongeza kasi hata kidogo mwaka ule, lakini mama yangu alisogea karibu nasi kwa saa moja au mbili, kutegemea bahati yako ya foleni siku hizo.

Tulipovuka kwa mara ya kwanza, mtoto wangu wa kati aliuliza, "Mama, kumbe kwa bibi si kisiwani?" Alikuwa amevuka kwa kivuko akiwa na miaka minne na kubaki na picha hiyo kichwani. Sikumlaumu. Hata mimi kwa muda mrefu niliishi kana kwamba kwetu ni kisiwani.

Saa ya tiketi na saa ya bibi

Umbali mwingine uko kwenye saa yenyewe, na huu wazazi wengi wameuonja.

Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. Ndege ya 07:00 ni ya saa moja asubuhi. Ya 13:20 ni ya saa saba na dakika ishirini mchana. Wewe unayekaa ofisini unabadilisha kichwani bila kufikiri. Lakini mtumie ujumbe huo mzee wa kijijini, atasoma 07:00 na kuelewa saa saba, naye atapanga kuondoka nyumbani baada ya kumwagilia bustani.

Mama alipokuja Dar mara ya mwisho, mdogo wetu wa mwisho, anayekaa naye, hakumwonyesha tiketi. Alichukua karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: "Kuondoka nyumbani saa tisa usiku. Ndege saa moja asubuhi." Karatasi ikabandikwa ukutani juu ya kitanda siku tatu kabla. Pia aliwaomba watu wa ndege mapema wamwandalie kiti cha magurudumu, kwa kuwa magoti ya mama hayapendi ngazi. Huduma hiyo ipo, ila husema mapema. Mama alitua Dar akiwa amechangamka, akatuambia vijana wa uwanjani walimsukuma "kama mke wa waziri".

Yale ambayo simu haionyeshi

Kuna wazazi watakaoniambia: siku hizi umbali umekwisha, kuna simu ya picha. Mimi ni mtumiaji mkubwa wa simu hiyo, na kila Jumapili jioni tunaongea na bibi, watoto wakigombea kushika simu. Sitaki kuidharau.

Lakini Juni 2023 tulikwenda Sengerema likizo, na jioni ya kwanza mama akatumiminia chai. Nilimwona anaweka kidole ndani ya kikombe kabla ya kumimina. Kikombe cha pili vilevile. Alikuwa anapima kwa kidole, kwa sababu haoni vizuri mwisho wa kikombe ulipo.

Kwenye simu mama alikuwa anatuangalia na kucheka na kusema, "Mmependeza wajukuu zangu." Kila tulipomuuliza hali, jibu lilikuwa lile lile la wazazi wote: "Hatujambo, msiwe na wasiwasi." Mdogo wetu anayekaa naye hakuwa ameliona hilo, na ni haki yake. Anayemwona mtu kila siku haoni mabadiliko ya polepole, hasa mtu mwenyewe akiwa hodari wa kuficha.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulimpeleka hospitali Mwanza, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza, baadaye la pili. Wiki chache baada ya kufunguliwa bandeji alinipigia simu kunilalamikia kwamba ukuta wa sebule ni mchafu na hakuna aliyewahi kumwambia.

Naeleza haya kwa sababu ndiyo thamani ya safari ambayo haionekani kwenye bei ya nauli. Simu inakupa sauti na uso. Haikuonyeshi anavyonyanyuka kitini, dawa ngapi zimebaki kwenye chupa, wala kama chakula kilichopikwa kinaliwa. Haya yote unayaona jioni ya kwanza tu, ukiwa umekaa kwenye kigoda jikoni.

Nauli ya msiba na nauli ya salamu

Sasa nije kwenye jambo gumu, la pesa.

Mjomba wetu alifariki mwaka 2021. Taarifa ilifika usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hadi asubuhi michango ilikuwa imeanza kuingia, na ndani ya siku mbili watu kumi na moja kutoka Dar tulikuwa Mwanza, wengine kwa ndege, wengine kwa basi. Hakuna aliyesema nauli imepanda. Hakuna aliyesema hana ruhusa kazini. Na ndivyo inavyotakiwa. Kuzika ni heshima, na asiyezika wenzake naye hazikwi.

Lakini jioni baada ya mazishi shangazi alituangalia tulivyojaa uani, akasema, "Angewaona hivi akiwa hai, angechinja ng'ombe." Hakusema kwa ubaya. Sote tuliinama.

Tuliporudi nilianza mazungumzo na ndugu zangu. Tuko wanne: kaka yetu mkubwa yuko Arusha, dada yuko Morogoro, mimi Dar, na mdogo wetu nyumbani na mama. Nilipendekeza tuwe na mfuko wa kwenda kusalimia, mbali na ule wa msiba.

Kaka alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema, "Pesa ya kupandisha watu watano kwenye ndege ili wakakae siku sita, si bora tumtumie mama abadilishe bati?" Dada alikuwa upande wake. Ni kweli kwamba nyumba ilikuwa inavuja. Ni kweli pia kwamba mzazi wa kijijini anahitaji mbolea, dawa na bima kuliko anavyohitaji kuwaona wajukuu wakila sato.

Tukaamua tumuulize mwenyewe. Kaka ndiye aliyepiga simu, akamweleza pande zote mbili bila kupendelea. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bati leteni mkija."

Basi tukafanya hivyo. Sisi watatu tulio mbali kila mmoja anatoa shilingi 25,000 kwa mwezi. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi, na 900,000 kwa mwaka. Mdogo wetu hatoi pesa. Yeye anatoa kazi ya kila siku, na tumekubaliana kwamba mchango wake ndio mkubwa kuliko wetu. Kila mwaka mfuko unaipeleka familia moja, na kinachobaki kinakwenda kwenye nyumba ya mama. Mwenye uwezo wa kwenda mwaka ambao si zamu yake anakwenda kwa gharama zake. Bati lilibadilishwa mwaka wa pili.

Mfuko huo hautoshi kupandisha familia nzima ndege kwenda na kurudi, wala hatukukusudia hivyo. Kwenda huwa tunakwenda kwa basi, kwa sababu watoto wana nguvu na hamu. Nina sababu nyingine pia. Mtoto anayepanda ndege Dar na kushuka Mwanza haoni nchi iliyo katikati. Aliyepita kwa basi ameona Dodoma ilivyo kavu mwezi wa Juni, amekula kuku wa kienyeji Singida, ameona mafuta ya alizeti yamepangwa barabarani, na ameona mawe makubwa ya Mwanza yakitokeza taratibu. Anajua bibi anakaa wapi katika nchi hii. Kurudi, mwaka ambao tiketi zimepatikana mapema kwa bei nafuu, tunarudi kwa ndege, kwa sababu shule inafunguliwa kesho yake na sote tumechoka.

Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, tumepata njia ya tatu. Unapanda treni Dar, saa tatu na nusu hadi nne uko Dodoma, unalala hapo au unaunganisha basi kwa kilomita 700 zilizobaki. Kwa wenye watoto wadogo wasiovumilia kukaa basini siku nzima, kuigawa safari mara mbili ni unafuu mkubwa.

Kwa wenye watoto wadogo

Mtoto aliye chini ya miaka miwili hukaa mapajani mwa mzazi kwenye ndege, na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Ukiwa na mtoto anayekaribia miaka miwili, safari ya mwaka huu ni nafuu kuliko ya mwakani. Beba cheti cha kuzaliwa hata kama mwaka jana hawakukiuliza.

Ndege inapoanza kushuka, mpe mtoto titi, chupa au kitu cha kutafuna. Kumeza kunafungua masikio. Mtoto anayelia wakati wa kutua si mkorofi, masikio yanamuuma.

Likizo za Juni na Desemba ndizo wote tunazozingojea, na nauli za ndege zinalijua hilo. Anayekata tiketi ya Desemba mwezi wa Septemba na anayekata wiki ya Krismasi hukaa viti vinavyofanana kwa bei zisizofanana. Na wakati wa kurudi, kumbuka uzito wa mizigo. Bibi hajui habari ya kilo 23. Yeye anajua kwamba mjukuu hatoki kwake mikono mitupu, na michembe, dagaa na mchele vitapangwa mlangoni alfajiri ya kuondoka. Tulijifunza kwenda na begi moja tupu.

Kabla hamjaondoka, wafundishe watoto salamu ya huko. Wangu walijifunza "mwangaluka" basini, kati ya Nzega na Shinyanga, kutoka kwa mama mmoja wa kiti cha jirani. Waliposhuka na kumwamkia bibi kwa Kisukuma, alikaa chini kwenye ngazi akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga.

Hesabu ya mwisho

Nimebakiza hesabu moja, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mama ana miaka 72. Tuseme Mungu anamjalia kufika 84, na wengi hawafiki. Ni miaka kumi na miwili. Familia inayokwenda kila baada ya miaka mitatu itamwona mara nne. Ikikaa wiki moja kila safari, ni siku 28. Hazifiki hata mwezi wa Machi.

Familia hiyo hiyo ikienda kila mwaka, ni mara kumi na mbili, siku 84. Ikienda mara moja kwa miaka miwili na bibi akaja mara moja kila katikati, ni vilevile. Wala si lazima iwe ndege.

Hesabu hii niliwaonyesha ndugu zangu kwenye karatasi. Kaka yangu, yule wa bati, aliiangalia muda mrefu. Mwaka huo hakungoja zamu yake. Alichukua likizo, akawachukua watoto na shemeji, wakatoka Arusha kwa basi.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usipime umbali wa kwenu kwa namba ya kwenye tangazo la ndege. Chukua karatasi uandike namba tatu. Ya kwanza ni saa za kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwa mzazi wako, kwa kila usafiri uliopo. Ya pili ni gharama yote, nauli, chakula, zawadi na dharura, ukiigawa kwa miezi kumi na miwili. Mara nyingi utakuta ni pesa inayoweza kukaa kwenye bajeti pamoja na umeme na maji. Ya tatu ni mara ngapi zimebaki.

Ukishaziandika, kaa na mwenzako mchague tarehe, hata kama ni ya mwakani. Kisha mpigie mzazi wako umtajie siku hiyo kwa saa yake, si ya tiketi, na mwambie watoto watakuja wangapi ili ajue ni kuku wangapi wa kuacha wakue.